Wimbi la Ijumaa

24 Machi

Mama mkwe wangu, Bi Sikudhani, amesema leo mbele ya wageni kwamba mdomo wangu ungekuwa jembe, nyumba hii ingekuwa na maghala matatu. Mume wangu Haruni akacheka. Wageni nao wakacheka, ingawa waliinamisha macho. Basi nimelitoa daftari nililolinunua Ikwiriri mwaka jana, na kuanzia leo maneno yangu nitayaweka humu. Nilimaliza kidato cha nne Mahege, na mwandiko wangu ulisifiwa. Hapa Chumbi hakuna aliyewahi kuuliza kama najua kuandika.

Mgeni mkubwa ni dada mmoja wa chuo kikuu, anaitwa Kudra. Amekuja na gari, saruji na wachimbaji. Wamechimba shimo nyuma ya nyumba yetu, mwisho wa mahindi, wakasakafia chini, wakaweka mashine ndogo yenye ukubwa wa sufuria. Pembeni wamesimamisha sola na betri. Mashine hiyo kazi yake ni kusikiliza ardhi. Bi Sikudhani alichungulia shimo kabla halijafunikwa, akasema linatosha kaburi la kichanga. Aliponitazama nilijua neno lilikuwa langu. Mwanamke aliyekaa miaka tisa kwenye ndoa bila mtoto huwa hakosi wa kumkumbusha.

Haruni amefanywa mlinzi. Masharti ya Kudra ni mengi: watu wasipitepite karibu na shimo, kuni zisichanjwe pale, na kutwanga ni marufuku kabisa kwa sababu mchi unaipigia mashine kelele. Haruni akakibeba kinu changu mwenyewe, begani, mpaka uani kwa jirani yetu Salumu. Salumu ni mgane, anaishi peke yake.

"Utakuwa unatwangia huku," Haruni akaniambia. "Salumu hana neno."

Salumu akasema hana neno.

28 Machi

Mvua. Nguo hazikauki na kuni zinatoa moshi mtupu.

30 Machi

Kudra amerudi kuangalia kama mashine inafanya kazi. Alimwambia Haruni atembee kulizunguka shimo, halafu akatufungulia kompyuta. Kwenye kioo kulikuwa na mstari, na juu ya mstari vijiti vifupi vifupi vimesimama.

"Hizo ni hatua zako, kaka Haruni."

Haruni hakuamini. Akarudi akaruka mara kadhaa, akaja kutazama, akakuta vijiti virefu zaidi. Akaenda tena akachezesha kiuno kama yuko kwenye ngoma ya harusi, akarudi anahema, na vijiti vyake vyote vilikuwa pale.

"Kwa hiyo hata mwizi akija, mtamwona?"

"Hii haifichi kitu," Kudra akamtania. "Hata panya akipita anasemwa."

Sote tulicheka. Nilimwangalia mume wangu, jasho limemlowesha shati, anafurahia nyayo zake kama mtu aliyeonyeshwa picha yake kwa mara ya kwanza, na nikampenda sana.

2 Aprili

Nimemwambia Haruni. Nilingoja mpaka mwezi wa tatu wa mimba ukapita kabisa, kwa sababu nimewahi kuchelewa siku nikafurahi bure, na furaha ya bure inauma kuliko kukosa.

Alinyamaza kwanza. Alinyamaza muda mrefu kuliko nilivyotarajia, anaangalia mikono yake. Kisha akasema, "Alhamdulillahi," akatoka, akarudi na ndimu na udongo wa kula aliofungiwa kwenye gazeti. Nimeula wote.

Bi Sikudhani alipoambiwa alisema, "Haya. Tutaona." Hiyo ndiyo pongezi yangu.

5 Aprili

Haruni yuko Mbwara kwa mke mdogo, Hadija. Ni zamu yake. Hadija naye ana miaka mitano kwenye ndoa na hana mtoto, na nimeomba asiumie sana atakapoambiwa. Hilo nimeliomba kwa dhati, ingawa mtu anayenijua hatanisadiki.

Kudra amepita kubadilisha betri. Nilimkaribisha chai nikamuuliza hasa anatafuta nini kwenye mahindi yangu. Akanieleza vizuri, bila kunifanya mjinga. Dunia ina ganda, na chini ya ganda kuna tabaka nene la mwamba ambalo wenyewe wanaliita koti la dunia. Hakuna aliyewahi kulifikia kwa kuchimba. Kwa hiyo wanangoja tetemeko kubwa litokee mahali mbali. Mawimbi yake mengine yanazama ndani, na mengine yanasafiri juujuu, kwenye uso wa ardhi, nchi baada ya nchi, yanapita chini ya miguu yetu bila sisi kuhisi lolote. Haya ya juu ndiyo anayoyataka. Wimbi fupi linagusa ganda tu, lakini wimbi refu linafika chini mpaka kwenye koti. Ana mashine nyingine Mahege, kwetu nilikozaliwa, ng'ambo ya mto. Akijua lipi limewahi na lipi limechelewa kutoka mashine moja mpaka nyingine, anajua huko chini kuna mwamba mgumu au mwamba wa moto uliolainika.

"Kwa hiyo unaomba tetemeko litokee," nikamwambia.

"Siombi, dada Mwajabu. Nangoja."

"Na watu wakifa?"

Alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari ya kukoroga. "Yatatokea tu, hata nikilala," akasema.

Nimemwona ni msichana mzuri, na ana moyo mgumu.

9 Aprili

Nimetwanga kwa Salumu. Anafagia pale penye kinu kabla sijafika na kuwafukuza kuku wake. Leo alinitania kwamba mpunga wangu ni mwingi kuliko wa mtu mwenye wake wawili, nikamwambia aoe naye atwangiwe. Tulicheka kwa sauti, na ukuta wa matete hauzuii kicheko.

Niliporudi, Bi Sikudhani alipepeta mchele wangu polepole. "Siku hizi mchele wako unachukua muda kutoka makapi," alisema.

13 Aprili

Mvua, mvua, mvua.

15 Aprili

Mto umepanda. Wanaume wameanza kwenda bondeni na mitumbwi kukata mpunga kabla haujakomaa vizuri, maana maji hayangoji ukomae.

17 Aprili, Ijumaa

Hakuna kitu. Haruni alikwenda msikitini, mama mkwe yuko kwenye arobaini ya ndugu yao huko Muhoro. Nimelala mchana wote, miguu imevimba.

21 Aprili

Shamba letu lote limezama. Haruni alirudi jioni amelowa mpaka kifuani, akaketi mlangoni bila kuvua viatu. Nilimletea uji. Aliniwekea mkono tumboni, mama yake anaona, akasema, "Mwaka huu tumebaki na hiki tu." Nilikuwa na raha kiasi kwamba niliona aibu, na shamba liko chini ya maji.

25 Aprili

Kudra amekuja mbio, matope mpaka magotini, akafungua kompyuta pale pale barazani. Alipoona alichokuwa anakitafuta alipiga makofi, akaruka. Tetemeko kubwa, chini ya bahari, mbali huko mashariki. Hakuna aliyekufa, na alilisema hilo akiniangalia mimi.

"Njooni muone uzuri huu! Kaka Haruni, njoo!"

Kwenye kioo mstari ulikuwa umetulia, kisha ukaanza kunyanyuka na kushuka taratibu, mawimbi mapana, ukaendelea hivyo kwa urefu hata ikabidi Kudra asogeze picha na kusogeza tena. Alituonyesha jinsi mawimbi marefu yalivyotangulia, yale yanayofika chini kwenye koti, na jinsi mafupi yalivyofuata nyuma yao. Sijawahi kumwona mtu amefurahi hivyo kwa kitu kisichoshikika.

Haruni aliinama karibu na kioo.

"Hii ilikuwa siku gani?"

"Ijumaa ya wiki iliyopita. Mchana, kama saa za sala."

"Saa za sala," Haruni akasema. Kisha akauliza, "Nyayo zangu zilikuwa vijiti. Hii mbona ndefu hivi?"

"Kwa sababu hii si nyayo, kaka. Hili ni wimbi limetoka mbali."

Haruni akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelewa.

26 Aprili

Haruni hajasema neno tangu jana. Nimemuuliza kama anaumwa. Kasema haumwi.

28 Aprili

Ameniuliza leo wakati namwaga maji ya kuosha vyombo.

"Ijumaa ile nilipokuwa msikitini, ulikuwa wapi?"

"Nililala."

"Hukuamka?"

"Niliamka uliporudi. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniamsha."

"Hakuja mtu?"

Nikacheka. Ndilo kosa langu. Nilidhani anauliza kwa sababu ya wizi, maana Haruni anaiogopea ile sola kuliko roho yake. Nikamwambia, "Labda panya." Hakucheka.

30 Aprili

Sasa nimeelewa.

Haruni anasema mashine ilimsikia mtu. Ijumaa ile, wanaume wote wakiwa msikitini na mama yake hayupo, mtu aliingia humu uani. Kudra alikuja kutania kwamba mashine haifichi kitu, na mume wangu utani huo ameuhifadhi kama aya. Nilimwambia Kudra amekwisha kusema kwamba lilikuwa tetemeko. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha.

"Mwajabu, mtu akipita, mashine inaandika vijiti, basi. Mie nimeviona vyangu. Yule hakupita. Alikaa."

Na mama yake, kutoka chumbani kwake: "Muulize nani hakuonekana msikitini."

Haruni alikwisha kuuliza. Ni Salumu.

2 Mei

Nitaandika kama yalivyokuwa, nisijisaidie wala nisimwonee mtu.

Baba mdogo wa Haruni, Mzee Fikirini, ndiye aliyekaa kati. Tulikaa barazani: Haruni, mama yake, Salumu, mimi kwenye mkeka karibu na mlango, na majirani wachache. Kudra naye aliitwa kutoka Ikwiriri. Alifika na kompyuta yake kifuani, na nilipomwona nilipumua. Nilisema moyoni, huyu ndiye mwenye mashine, atawaeleza na tutarudi kwenye kazi zetu.

Salumu ndiye aliyeulizwa kwanza. Alisema Ijumaa ile alikuwa bondeni na mtumbwi, anaokoa mpunga wake. Nani alimwona? Hakuna aliyemwona, kila mtu alikuwa kwenye sala. Mzee Fikirini akamuuliza kuhusu kutwanga uani kwake. Hapo Salumu alinitazama, kisha akatazama pembeni.

"Mie nilimkaribisha kwa ajili ya ujirani, mzee. Lakini kwa kweli alikuwa anakuja mno. Na anapenda mzaha. Mie mwenyewe nilikuwa naona haya."

Kinu kilipelekwa kwake begani kwa mume wangu. Nilisema hivyo, kwa sauti. Mzee Fikirini akaniambia ningoje zamu yangu. Zamu yangu haikufika.

Kudra alieleza. Alieleza vizuri kama alivyonieleza mimi kwenye chai, pole pole, kwa Kiswahili cha kila mtu, hata mzee akauliza swali la maana.

"Hilo tetemeko lilitokea wapi, binti yangu?"

"Chini ya bahari, mzee. Huko mashariki, mbali kupita Bara Hindi."

"Na wenye nchi zilizoko njiani, walitikisika?"

"Hawakuhisi. Linakuwa dogo mno kwa mwili wa mtu."

"Hawakuhisi wa huko, hatukuhisi sie, ila limehisiwa uani kwa Haruni."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengine. Kudra akafungua kompyuta. Mikono yake ilikuwa inakosea vitufe. Aliwaonyesha mstari wa Chumbi, na chini yake mstari wa mashine ya Mahege. Mawimbi yale yale, Ijumaa ile ile, ila kwa tofauti ndogo ya muda.

"Tazameni wenyewe," alisema. "Kama huyu ni mtu aliyeingia kwa dada Mwajabu, aliwezaje kuwa Mahege wakati huo huo?"

Nilimwona Haruni akisogea mbele. Wallahi nilimwona. Uso wake ulikuwa unafunguka, alikuwa anataka kuamini. Lakini Bi Sikudhani alijifunga kanga vizuri, akasema bila haraka:

"Kwani Mahege si ndiko kwao huyu? Basi huko nako yupo mwanamke wa namna yake."

Walicheka mpaka Mzee Fikirini akafuta macho. Hata Salumu alicheka. Na uso wa Haruni ukafungika mbele yangu.

Aliposimama hakuwa na hasira. Ningependa awe na hasira.

"Hadija mwaka wa tano, hana kitu," alisema. "Mwajabu mwaka wa tisa. Mie si mtoto, najua tatizo liko kwa nani. Nimelijua siku nyingi, nimenyamaza nalo. Halafu mwaka huu mwenzangu anapata."

Mwanamume amejivua nguo mbele ya mama yake, na hakuna aliyejua atazame wapi. Nikaelewa kile kimya cha siku nilipompa habari. Tangu siku ile alikuwa anatafuta mtu wa kumlaumu, na mashine ikampa.

"Haruni," nikamwambia, "mtoto ni wako."

"Mwajabu binti Iddy, nimekuacha talaka moja."

Mzee Fikirini akaona ni wajibu wake kufundisha. Akaniambia eda yangu ni mpaka nijifungue. Kabla ya hapo Haruni akibadili moyo anaweza kunirejea kwa neno tu, bila ndoa mpya. Alilisema kwa wema, kama anayeniachia mlango wazi.

Bi Sikudhani akaongeza kwamba eda ni ya kukaa kwa mume, lakini mimba isiyojulikana mwenyewe haitakaa chini ya paa lake. Haruni hakumkataza.

Kudra alinifuata jikoni analia. Nilimwambia atoke, atanilowanishia moto.

3 Mei

Nimeondoka na begi moja. Barabara imekatika sehemu mbili. Kabla ya Ikwiriri pikipiki iliteleza kwenye matope nikaanguka ubavu, begi likanijia juu. Kijana wa bodaboda aliniomba radhi njia nzima. Nimefika Mahege kwa mama kabla ya magharibi. Kaka yangu Abdalah anataka kwenda Chumbi na panga. Nimemwambia kwanza anichotee maji ya kuoga.

4 Mei

Maumivu ya mgongo. Mama kanichemshia maji.

5 Mei

Maumivu yapo. Mama hataki nisimame.

8 Mei

Juzi damu ilianza. Walinipeleka zahanati, muuguzi akafanya alichoweza, na jana alfajiri mtoto akatoka akiwa hana uhai. Wa kiume. Amekamilika, ana vidole na kucha zake. Masikio ni ya Haruni, yale yaliyochomoza juu kidogo. Nimeyatazama sana, kwa sababu nilijua hakuna mwingine atakayeyatazama kwa ajili ya kushuhudia.

Alioshwa, akavikwa sanda ndogo ambayo mama aliikata kwenye kitambaa alichokuwa amejiwekea mwenyewe. Abdalah alimbeba mikononi mpaka makaburini. Huku kwetu kaburi la kichanga haliwekwi kibao wala jiwe, udongo tu, na mwaka huu wa mvua viko vilima vingi vidogo pale.

Abdalah alitaka kupiga simu Chumbi. Nimemkataza, na nimemwapisha mama pia. Asiambiwe mtu yeyote. Sababu ninayo.

12 Mei

Maziwa yametoka. Hakuna aliyenionya kwamba yatatoka.

16 Mei

Kudra amekuja Mahege kuchukua kumbukumbu za mashine yake, akasikia niko hapa, akaja. Nilimpokea nimekaa kitandani, shuka mpaka kifuani, na hakujua kilichopungua.

Alikuwa na habari njema. Hivyo ndivyo alivyoziita. Jumanne kulikuwa na tetemeko jingine kubwa, mbali sana, safari hii kwenye nchi kavu, kwenye mji. Redio inasema waliokufa hawajamalizika kuhesabiwa. Haruni aliisikia redio barazani. Kumbe tangu nilipoondoka amekuwa akikaa pale pale karibu na shimo mchana kutwa, analinda, hataki mtu apite, hata mama yake anazungukia mbele. Kudra alipofika na kompyuta, Haruni aliomba aonyeshwe Jumanne. Na wimbi lilikuwepo, lile lile refu, na uani hakukuwa na kiumbe isipokuwa yeye mwenyewe aliyeketi kwenye kigoda.

"Alilia, dada Mwajabu. Kaka Haruni alilia. Anakuja kukurejea, anasubiri tu barabara na Idi."

Kwa hiyo ilibidi mji mzima uporomoke ili mume wangu aniamini. Watu ambao sijui majina yao wamefukiwa na nyumba zao, wimbi lao limetembea dunia nzima, limefika Chumbi, likaniletea heshima yangu, na nilikuwa sipo nyumbani kuipokea.

Nilimuuliza Kudra kama na yeye amepata alichokuwa anakingoja. Aliona aibu, lakini alishindwa kujizuia. Ndiyo, alisema. Matetemeko mawili, pande mbili. Inaonekana chini ya bonde hili, ndani kabisa kwenye koti, mawimbi yanachelewa kuliko alivyotarajia. Mwamba wa huko ni wa moto zaidi. Ataandika.

"Hongera," nikamwambia. "Wamekufa wengi, lakini wamekufaa."

Alitoka bila kumaliza uji wake. Msichana yule hakunikosea lolote, na nilifurahi kumwona anatoka hivyo.

21 Mei

Mvua imekatika. Haruni amempigia simu Abdalah kwa salamu. Abdalah kajibu salamu tu, kama nilivyomwagiza. Mama anasema ninachofanya si cha Mungu. Nimemwambia kwamba Haruni atakapokuja atajionea mwenyewe nani alianza.

27 Mei

Idi Kubwa. Tumekula.

28 Mei

Amekuja.

Amekuja na Mzee Fikirini na shahidi wa pili, kanzu imepigwa pasi, na gunia la mchele kwenye bajaji. Amekonda. Nilimkaribisha mwenyewe, nikawaandalia mkeka, nikavaa buibui pana nikakaa mbali kidogo. Hawakuona kitu. Wanaume hawaoni kitu wasichotegemea kukiona.

Mzee Fikirini alisema maneno ya suluhu, mengi na mazuri. Alisema mashine zimetoka kwa watu na watu hukosea. Alisema Bi Sikudhani anaomba radhi, jambo ambalo ningelipa nauli kulisikia. Kisha Haruni akafungua kikapu. Akatoa kanga doti mbili, akaziweka mbele yangu. Akatoa kofia ndogo ya sufu, ya njano. Akatoa soksi. Akatoa kibeseni cha plastiki cha kuogeshea, akakigeuza kuonyesha hakina ufa. Nilimwacha atoe vyote. Mama alianza kulia mlangoni, na Haruni akamtabasamia, akidhani ni furaha.

"Mwajabu," alisema. "Nilikosa. Nimekosa mbele ya Mungu na mbele yako. Mashahidi wasikie. Nimekurejea."

Nikamwacha anyamaze vizuri, ili asije akasema hakusikia.

"Huwezi," nikamwambia. "Eda imekwisha. Nilijifungua siku chache baada ya wewe kunifukuza. Alikuwa wa kiume, hakuvuta pumzi hata moja, na masikio yalikuwa yako."

Niliusubiri uso ule tangu siku ya maziko. Nimeupata. Nilidhani nitashiba.

Mzee Fikirini akasema inna lillahi, akarudia. Haruni alikuwa ameshika kile kibeseni. Hakukiweka chini. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Yuko wapi?" nikamwonyesha kwa kidole upande wa makaburi, sikumtajia ni kilima kipi.

Alikwenda peke yake. Kutoka mlangoni kwa mama makaburi yanaonekana. Nilimwona akiinama kwenye kilima kimoja kidogo, akanyanyuka, akaenda kingine, akarudi kwenye cha kwanza, akatazama huku nyumbani kama anayengoja kuonyeshwa. Abdalah akavaa viatu vyake ili amfuate. Nikamwambia akae.